Bustani Tuliyoiacha Kijitoni

Nyinyi munaokuja kila asubuhi kuniuliza kwa nini bilinganya zenu zinachanua bila kuzaa, leo wekeni majembe chini. Hayatakimbia. Kaeni hapa mkekani, na mmoja wenu aliondoe hilo fuko la mbegu nisije nikalikalia. Nataka kuwapa habari ya bustani nyingine, ya zamani kuliko hii munayoilima.

Mimi Mwamini nimelima mboga karibu maisha yangu yote, tangu wakati wa Wadachi, hao munaowaita Wajerumani, wazazi wenu wengi wakiwa bado hawajazaliwa. Sasa magoti yamekataa kuinamia tuta, lakini mdomo haujazeeka. Munanijua kama bibi anayefokea watu wanaomwagilia jua likiwa utosini. Hamukunijua nilipokuwa bi harusi asiyeweza kutofautisha mche wa kitunguu na jani la nyasi.

Nilizaliwa Ujiji. Mume wangu Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa mchuuzi wa ndagala. Alikuwa akiwanunua kwa wavuvi wa huku na kuwapeleka kwetu kuwauza. Baada ya harusi alinileta Rumonge kwa mtumbwi, tukajenga karibu na kijito, penye nyumba chache za majirani wa kila asili: Wamanyema, Wabwari waliovuka ziwa, watu wa Ujiji kama sisi, na Warundi walioshuka kutoka upande wa Kizuka. Nyumba yetu ilipakana na ya Mama Feruzi.

Mama Feruzi alikuwa Mmanyema, mjane, mrefu, mwembamba kama mpini. Mwanawe Feruzi alikuwa amekwenda na msafara wa wapagazi na hakurudi, na mama huyo hakupenda kuulizwa habari zake. Siku zile za kwanza alinikuta njiani nikimpa mwanamke mmoja ndagala ili anipe lengalenga. Akangoja tumalizane, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, unatoa samaki upate majani, na nyumba yako imekaa juu ya udongo?"

Nikamwambia sijui kulima. Akasema hilo ameshaliona kwenye mikono yangu, niende naye.

Chini ya nyumba zetu kijito kilikuwa kikikaribia ziwa kinapunguza mwendo, na kila masika kinalaza pale tope jeusi, laini kama unga uliokandwa. Hapo ndipo Mama Feruzi alipokuwa amepiga matuta yake ya kwanza, peke yake, halafu akawaita majirani mmoja mmoja. Alikuwa akisema kwamba bustani ya mtu mmoja huliwa na ndege, ya watu wengi huliwa na wenyewe. Fundi Shabani, aliyekuwa akichonga mitumbwi, alichimba mfereji kutoka kijitoni na kuuwekea ubao wa kufungulia maji. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeuchimba, tukamfanya mwenye maji. Yeye ndiye aliyepanga zamu, nani afungue asubuhi, nani jioni, na hakuwa mtu wa kupindisha. Hata mkewe mwenyewe akichelewa, maji yalikuwa yakienda kwa anayefuata.

Kila nyumba ilikuwa na matuta yake. Katikati kulikuwa na tuta moja refu la wote. Mboga za tuta hilo hazikuuzwa. Zilikuwa za msiba, za mzazi aliyejifungua, na za mgeni aliyefika bila kutazamiwa. Kila mtu alilipalilia, na kila mtu alilipita bila kukata hata jani, isipokuwa siku ya haja. Hilo niliona zuri kuliko yote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la vitunguu. Nilidhani mche ukifukiwa sana ndio utashika vizuri. Nikaizika miche yangu hadi shingoni na kuijazia samadi ya mbuzi kama mtu anayemwaga mawese kwenye maharage ya wageni. Majani yakapanda juu, mabichi, yamenyooka, na mimi nikawa napita kando yake nikijisifu. Siku ya kuvuna Mama Feruzi alichomoa kimoja, akakigeuza, akatazama mizizi mitupu iliyoning'inia. Akasema, "Umepanda ndevu za beberu." Mwaka mzima Fundi Shabani alikuwa akikutana nami ananiuliza beberu wangu hajambo.

Ndipo mama yule akapiga magoti kando yangu akanionyesha. Kitunguu hakizikwi, kinakalishwa. Shingo ibaki nje. Kikianza kuvimba unakipunguzia maji, maana kinachonyweshwa hadi mwisho huoza kabla ya kufika jikoni. Na bilinganya, nyinyi munaolalamika, ukiilisha samadi kupita kiasi inanenepa majani na kusahau kuzaa, kama mtu tajiri asiye na haraka ya kuoa. Miche yake ihamisheni siku ya mawingu. Chawa wa majani wanyunyizieni jivu asubuhi, umande ungalipo, ili lishike. Hayo yote munadhani niliyazua mimi. Ni ya Mama Feruzi.

Sikuishia kwenye vitunguu. Nilisikia kwamba samaki ni mbolea, nikachukua maji niliyooshea samaki wa chumvi nikayamwaga kwenye lengalenga. Jua lilipopanda zikalala zote chini kama nguo zilizofuliwa, na kenge wawili wakaja kufukua wakitafuta huyo samaki yuko wapi. Mama Feruzi alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini msidhani waliokosea tulikuwa sisi wageni tu. Viboko walikuwa wakipanda kutoka ziwani na kula bustani nzima. Fundi Shabani akajenga ua wa miti na miiba, akatuambia hata boma la Wadachi halina ua kama huu. Tulipoamka, kiboko alikuwa ameuvaa ua ule mpaka katikati ya matuta, akauacha hapo, na akaacha samadi yake juu ya tuta la Fundi mwenyewe. Fundi akasimama akiitazama samadi ile. Mama Feruzi akamwambia asikasirike, mgeni amekula lakini hakuondoka bila shukrani. Baadaye tukachimba handaki lenye kingo zilizosimama wima, maana kiboko hapendi kushuka mahali asipojua atapandaje. Hilo likafaa. Kumbukeni hilo, nyinyi munaolima karibu na maji.

Na kulikuwa na Mama Bukuru, Mrundi wa Kizuka, mama wa mapacha Bukuru na Butoyi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Kila asubuhi alifika, akasema "Amahoro," ndiyo salamu ya kwao, akainama, akalima mpaka basi. Alipanda isogi, ile mboga chungu ambayo kwetu Ujiji huitwa mgagani, na sisi tulikuwa tukiing'oa kama magugu. Tukamcheka. Kisha siku moja akaipika kwa mawese na kutuletea chungu kizima. Tangu siku hiyo hakuna aliyeng'oa isogi tena, na wengine wetu tukaanza kuzunguka matuta yake tukiwa na vikapu, tukijifanya tumekuja kumsalimu.

Nikikumbuka asubuhi za pale, moyo unakuwa laini. Tulikuwa tukishuka baada ya sala ya alfajiri, ukungu bado umelala juu ya maji. Wavuvi walikuwa wanarudi, tunasikia makasia yao kabla ya kuwaona. Walikuwa wakipitia kwetu, samaki kwa mboga, maneno mawili matatu ya mzaha, halafu wanakwenda kulala. Moshi wa mawese yanayochemka ulikuwa ukishuka kutoka michikichini. Mama Feruzi alikuwa akiimba nyimbo za Kimanyema ambazo hakuna aliyezielewa, na Mama Bukuru akiitikia kwa maneno yake mwenyewe, wala hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka ile mwambao wetu ulikuwa na ugonjwa wa malale. Nyinyi munausikia kama hadithi. Kuna inzi anayeitwa mbung'o, anakaa kwenye vivuli vya vichaka vya kando ya maji. Akikuuma, huenda usijue lolote kwa muda mrefu. Halafu homa, halafu usingizi wa mchana, halafu unalala huku unakula, unalala huku unasema, mpaka siku moja huamki. Wadachi walikuwa wameweka kambi ya wagonjwa kaskazini, ukipita Minago, na walikuwa na amri yao: mahali anapopatikana mgonjwa, vichaka vya kando ya maji vifyekwe, nyumba zihamishwe, mtu asilime wala asifue hapo. Sisi tulikuwa tukisikia habari hizo kama mtu anavyosikia moto wa kijiji kingine.

Mwaka mmoja Mama Feruzi alianza kubadilika. Yeye aliyekuwa wa kwanza kushuka akawa wa mwisho. Alinigombeza kwamba nimesogeza mpaka wa tuta langu, mimi niliyekuwa nikimwita mama. Alikuwa akila, na baada ya muda mfupi anauliza mbona leo hakujapikwa. Nikimkuta ameegemea jembe macho yamefumba, namgusa, anashtuka na kunikasirikia. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema uzee, wengine walisema kiburi, kwamba kwa kuwa bustani aliianza yeye, sasa anataka tumlimie.

Kisha likaja la mfereji. Ilikuwa zamu yake. Alifungua maji, akakaa kando ya ubao, akalala. Maji yakajaa matuta yake, yakavuka, yakaingia kwenye kitalu cha Mama Bukuru, yakabeba karibu miche yote ya vitunguu aliyokuwa ameilea tangu mbegu, na kuipeleka kijitoni. Mama Bukuru alipofika hakupiga kelele. Alivua kanga ya begani, akaingia kwenye tope, akawa anaokota mche mmoja mmoja uliosalia na kuuweka kwenye kikapu. Mama Feruzi alikuwa bado amelala.

Jioni ile Fundi Shabani alituita uani kwake, katikati ya magogo na maganda ya miti. Alisema hana ugomvi na mtu, lakini bustani ya majirani haishikwi na mapenzi, inashikwa na zamu. Asiyeweza zamu anawaharibia wote. Alitaka matuta ya Mama Feruzi yapewe nyumba nyingine, na yeye apate mboga kutoka tuta la wote kama mgeni wetu wa heshima. Watu wengi waliinamisha vichwa kukubali. Mimi niliomba nifanye zamu zake badala yake, matuta yabaki yake. Fundi akasema mimi nina mimba na siwezi kubeba za watu wawili, na kweli nilikuwa nayo.

Mama Feruzi alisimama. "Shabani," alisema, "nani aliyekuita hapa? Siku ulipofika ulikuwa huna hata pa kuweka shoka lako, nikakuonyesha ule udongo, nikasema, chimba hapa, nami..."

Hapo akanyamaza. Tulidhani anatafuta neno. Kumbe kichwa kilikuwa kinashuka polepole, magoti yakalegea, akakaa juu ya gogo, na usingizi ukamchukua mbele yetu, kinywa bado kikiwa wazi kwenye lile neno.

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Ndipo Mama Bukuru akainuka. Akapiga magoti mbele ya mwanamke aliyempotezea miche yake, akapitisha mkono nyuma ya shingo, chini ya nywele, akapapasa pole pole upande huu na upande ule. Alisema kitu cha Kirundi, kwa sauti ndogo. Kisha akatugeukia.

"Huyu mutu hana uvivu," alisema. "Iko na malale. Shingo iko na mafundo. Ndugu yangu alianza hivi hivi."

Kila mtu alielewa mara moja yale yaliyokuwa mbele yetu, na Fundi Shabani, kwa kuwa alipenda mambo yawekwe wazi, ndiye aliyeyasema. Tukimpeleka kambini, Wadachi watauliza ametoka wapi, watakuja, na kijito hakitakuwa chetu tena. Tukimficha, bustani inabaki, na yeye anakufa. Jirani mmoja akasema hata huko kambini watu wanakufa. Mwingine akasema kuna mganga wa miti shamba Minago. Hakuna mwingine aliyetaja bustani, lakini nilikuwa naona macho yao yakikimbilia chini, kule kwenye lile tope jeusi.

Nikamwuliza Mama Bukuru walimfanya nini huyo ndugu yake.

"Tulimuficha," alisema. "Tukamuficha mupaka tukamuzika."

Fundi Shabani alikuwa ameshika patasi mkononi tangu mwanzo, akiizungusha. Akaiweka chini. Akasema mtumbwi wake mkubwa uko majini, asubuhi atampeleka. Jirani yule yule akamwuliza, na bustani je?

"Bustani ni yake," Fundi alisema. "Sisi alitukaribisha."

Ndiye yeye aliyekuwa anataka kumtoa. Mimi nilitazama uso wake nisielewe. Baadaye, katika miaka, nilimwelewa. Alikuwa mtu wa haki. Mvivu angemtoa bila kumwonea huruma, lakini mgonjwa hakuwa na kosa, na kwake hilo lilimaliza maneno.

Nilikwenda nao. Ziwa lilikuwa tulivu. Mama Feruzi alilala kichwa kikiwa mapajani mwangu, akiamka mara kwa mara kuniuliza nani atafungua maji leo. Namjibu ni mimi. Analala tena. Tulipofika, daktari Mdachi, mtu mzima mwenye uchovu usoni, alimpapasa shingo palepale Mama Bukuru alipopapasa, akaandika. Akatuuliza tunatoka wapi. Fundi Shabani alimwambia kweli.

Wadachi hawakukawia. Walikuja na askari, wakatupanga mstari, wakatupapasa shingo mmoja mmoja, watoto wakilia. Majirani zetu wengine walionekana nao wameanza, wala hawakuwa wamejua, na kwa kuwa waliwahiwa mapema walipona, wengine wao muliwazika juzi juzi wakiwa wazee. Kisha amri ikatoka. Tukaambiwa tufyeke kando zote mbili za kijito, tuhamie kule juu kwenye mteremko, na yeyote atakayeonekana analima chini ataadhibiwa.

Tulivuna kila kitu. Tuta la wote lilitulisha siku zote za kuhama. Mama Bukuru alikuwa anapita nyuma yetu akikusanya mbegu hata kwenye vikonyo tulivyotupa. Siku ya mwisho Fundi Shabani aliung'oa ubao wa mfereji kwa mikono yake, na maji yakarudi kupita yalikokuwa yakipita zamani. Mimi nililia. Sikulilia mboga. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejifunza pale kuwa mtu wa mahali hapa.

Kule juu udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, una mawe. Maji tulikuwa tukiyabeba kichwani kutoka ufukwe wa wazi wa ziwa, kwenye njia inayopanda. Tulichopanda kwanza kilikauka chote. Jirani mmoja alihama na familia yake, na siku ya kuondoka alisema maneno mabaya juu ya Mama Feruzi, kwamba mtu mmoja ameangusha nyumba za wote. Sisi tuliobaki tuliendelea kubeba maji. Tulikuwa tumechoka, na pengine kila mmoja aliwahi kuwaza hivyo akiwa na mtungi kichwani. Lakini hakuna aliyesema.

Athumani alipokuwa akienda Magara kununua samaki, nilikuwa nikipanda naye na kikapu, ananishusha kambini. Tulikuwa tumekubaliana hivyo: chochote kitakachoota juu ya mteremko ule, hata kiwe kidogo, kwanza kiende kwa Mama Feruzi. Mara ya kwanza hakunitambua. Walikuwa wanamchoma sindano, analala. Nilimwachia lengalenga kwa wanawake waliokuwa wakipika pale, nikarudi nikijua sitamwona tena. Safari nyingine nilimkuta amekaa. Akashika lengalenga zangu, akavunja kijiti kimoja kwa ukucha, akanigombeza kwamba nimezikata zikiwa zimekomaa. Nilicheka na machozi yananitoka. Nilikuwa nimempata tena.

Ila hakuwa ananitazama. Nilidhani ni mwanga wa jua. Kisha akanyoosha mkono, ukapita kando ya uso wangu, ukarudi kuutafuta. Dawa ile ilikuwa imemwacha na uhai na kuyachukua macho. Walikuwa wengi hivyo kambini. Aliniambia mwenyewe, bila kulia, kwamba ukungu uliingia siku moja na haukutoka tena.

Walipomruhusu, Fundi Shabani alikwenda kumchukua kwa mtumbwi ule ule. Tulimpandisha mteremko akiwa ameshika bega langu, mwanangu mchanga mgongoni. Akauliza mbona tunapanda. Akauliza mbona hasikii kijito. Fundi alisema ana kazi inamngoja, akaenda uani kwake upesi. Kwa hiyo ni mimi niliyebaki kumwambia.

Nilimwambia yote. Kwamba kule chini kumefyekwa, kwamba tumehamishwa, na kwa nini.

Alikaa juu ya jiwe. "Na mulijua?" aliniuliza. "Siku mulipoamua kunipeleka, mulijua haya?"

"Tulijua, mama."

"Shabani naye?"

"Yeye ndiye aliyesema twende."

Aliniomba nimpeleke kwake. Fundi alikuwa anachonga, akatusikia, hakugeuka. Mama Feruzi alisimama akielekea sauti ya tezo.

"Shabani, ulitaka kunitoa kwenye bustani."

"Nilitaka, dada."

"Sasa umepoteza bustani nzima."

Tezo ikasimama. "Wewe umerudi," Fundi alisema. "Kaa kivulini, jua kali."

Basi hakuna lingine walilosema juu ya jambo lile mpaka kufa kwao.

Kesho yake Mama Feruzi alitaka kupelekwa kwenye matuta. Alichukua udongo, akaufinyanga, akaunusa, akauweka hata ulimini. Akasema huu si udongo, ni chungu kilichovunjika. Kisha akaanza kutupa kazi. Makapi ya chikichi tuliyokuwa tukitupa, tuyatandaze. Jivu, samadi, majani ya migomba, hata tope la ufukweni tulibebe kidogo kidogo kila tunapoteka maji. Alikuwa akikaa kitako kwenye tuta na kupalilia kwa vidole, na vidole vyake vilijua gugu na mboga kuliko macho yangu. Siku tulipompokonya kazi kwa huruma alikasirika mpaka Fundi Shabani akampangia zamu yake ya kumwagilia kama mtu mwingine yeyote. Mama Bukuru alikuwa akimshika mkono mpaka mwanzo wa tuta, anamwekea kibuyu, anamwacha.

Huo udongo mweusi munaouchimba leo, wajukuu zangu, munaousifu kwamba Mungu aliwapa bure, ulikuwa mwekundu. Uliwekwa pale kwa vichwa vya watu. Wadachi waliondoka, Wabeleji wakaja, na sisi tulikuwa bado tunabeba.

Mavuno ya kwanza yenye maana yalikuwa madogo ya kuchekesha, lengalenga kama masikio ya mwanambuzi, isogi kiganja kimoja, vitunguu vya kuhesabika. Hatukugawana, maana kugawana kungekuwa aibu. Tulipika vyote katika chungu kimoja uani kwa Fundi Shabani, kwa mawese, tukakaa kukizunguka, Wamanyema, Warundi, watu wa Ujiji, watoto kwenye magogo. Tulimpa Mama Feruzi aonje kwanza. Alitafuna taratibu, sisi sote tukimtazama kinywani. Akasema chumvi haikutosha, na Fundi Shabani akainuka mwenyewe kwenda kuiomba kwa jirani.